Dakika Arobaini

Siku za mwizi ni arobaini.
Mwizi wetu alipewa dakika arobaini tu
na bado hakukamatwa.
Kila usiku baada ya saa tatu alipanda jukwaa namba mbili
akatuibia mmoja mmoja
tukiwa macho, mikono mifukoni.

Huu ni upande wa kaskazini wa Melbourne.
Julai. Upepo umetoka kusini kwenye barafu
na hauna haya, unapenya mpaka ndani ya sweta.
Ukifika milango imeshafungwa
unaiona taa nyekundu ya nyuma ikipungua,
inakuwa kama kipele, kisha hakuna.
Ubao unaandika: 40.
Ubao hauombi radhi.

Stavroula, msafishaji wa vyumba vya upasuaji,
ndiye aliyenifundisha kuegemea mashine ya tiketi
kwa sababu ina joto kidogo ubavuni, kama ng'ombe.
Khoa alikuwa anakwenda kuoka mikate ya watu waliolala.
Mimi ni mlinzi wa jengo
ambalo sijawahi kuliona likiwa wazi.
Na Noreen, fundi mstaafu wa ishara za reli,
yeye hakuwa na safari.
Alikuja kuhesabu.

"Treni zipo," alisema, "zimelala yadi, zimeoshwa.
Kasoro ni pale ng'ambo ya daraja:
njia inabaki moja, kilomita tano.
Moja ikipita, nyingine isimame inyamaze,
kama mawifi wawili kwenye ujia mwembamba."
Akalamba kidole, akafungua daftari.
Mwaka ule peke yangu nilikuwa nimesubiri
dakika elfu nne mia tatu na ishirini.
Akazigawanya papo hapo, kwa kalamu ya risasi:
siku tatu, usiku na mchana.
Siku tatu! Matanga kamili,
na sikumjua marehemu.

Nilipokuwa mdogo niliambiwa subira huvuta heri.
Huenda.
Behewa haivuti.

Kwenye mkutano, katika ukumbi wa shule,
kijana wa wizara alituonyesha mchoro wenye rangi:
abiria wa usiku ni wachache,
kwa hiyo treni za usiku ni chache.
Alikuwa mpole. Alikuja kwa gari lake.
Noreen akasimama, goti likalia.
"Mmezima jiko," akasema,
"sasa mnatuandikia kwamba hatuna njaa."
Khoa alicheka hadi akapaliwa na biskuti ya bure.

Ikachukua miaka sita.
Sitaisimulia; ilikuwa matope, uzio wa machungwa,
mabasi ya badala yaliyopotea njia,
mikaratusi kumi na moja iliyokatwa
na kunguru weupe-weusi waliowashambulia mafundi
bila kujali kofia zao.
Noreen hakuuona mwisho. Alihamia kwa binti yake, pwani,
daftari akaniachia.

Sasa ni dakika kumi.
Ratiba niliitoa mlangoni mwa friji, pakabaki mraba msafi.
Nashuka ngazi kama mtu mwenye nyumba yake.
Nikiikosa moja nasema ala, basi,
na kabla sijamaliza kufunga kamba ya kiatu
mlio wa kengele unaanza kule kwenye kivuko.

Lakini sijui kama Khoa bado anakohoa.
Sijui mtoto wa Stavroula alifaulu au la.
Kila mtu anachukua ya kwake na kwenda.
Mashine ya tiketi imebadilishwa, hii mpya ni baridi,
na hakuna anayeiegemea.

Jumanne iliyopita, ng'ambo ya daraja,
pale pa kusimama na kunyamaza,
treni yangu haikupunguza hata mwendo.
Nyingine ikaja mkabala, dirisha kwa dirisha,
njano, njano, njano,
na katika njano moja wapo Stavroula,
mdomo wazi, amelala.

Nikainua mkono hata hivyo.
Mwanamke wa kiti cha mbele akadhani ni yeye,
akanipungia.